Nyegere, Bweha na Nguchiro: Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Wanyama Wadogo Wakali Msituni

Hapa Uganda, wanaookota kuni kandokando ya msitu wa Mabira, warina asali wa Budongo na Bugoma, na wachungaji wanaokatiza vichaka vya West Nile wanaendelea kuumwa na wanyama wadogo kwa namna moja, na wakishaumwa wanakosea mambo yale yale. Wanakimbia walipopaswa kusimama, wanamzingira mnyama aliyekuwa akitafuta pa kutokea, wanapaka jeraha majivu au pilipili, kisha wanakaa wiki mbili wakisubiri kuona kama kuna lolote. Anayekuja kuuliza baada ya hapo huwa amekwisha kupoteza nafasi ya jambo lililo rahisi kuliko yote, yaani maji na sabuni.

Mwongozo huu unahusu wanyama walao nyama walio wadogo kuliko fisi na chui: nyegere, bweha, fungo, kanu, mondo, paka-mwitu na nguchiro. Chui na nyoka wana taratibu zao, na hazifanani na hizi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Fimbo ngumu iliyonyooka, inayokufika kifuani. Kazi yake ni kuweka nafasi kati ya mguu wako na meno ya mnyama. Panga halifai kwa kazi hii, kwa kuwa ni fupi na litakulazimisha uiname na kusogea karibu, yaani kufanya kile hasa unachopaswa kukiepuka.
- Gambuti na suruali ya kitambaa kizito. Wanyama hawa ni wafupi, na meno yao hufikia kifundo na muundi kabla ya mahali pengine popote.
- Kikapu, begi au gunia lenye kitu ndani. Hiki ndicho kitu cha kumpa mnyama akiume badala yako.
- Kipande cha sabuni ya mche, kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sabuni ya kufulia inatosha. Haihitajiki ya dawa.
- Jerikeni ndogo ya lita 5 iliyojaa maji, pamoja na mfuniko wa akiba uliotobolewa tundu moja kwa msumari. Sababu ya tundu hilo utaiona katika hatua ya sita. Mkiwa kundi, jerikeni moja au mbili zinatosha.
- Kitambaa safi na chupa ndogo ya ayodini ya kusafishia vidonda.
- Tochi, ikiwa kuna uwezekano wowote wa giza kukukuta njiani.
- Simu yenye chaji, iliyohifadhiwa namba ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ya mhudumu wa afya wa kijiji, na ya kituo cha afya kilicho karibu.

Kabla ya msimu wa kazi kuanza, muulize mhudumu wa afya wa kijiji ni kituo gani katika wilaya yenu chenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Si kila kituo huwa nayo, na mara nyingi aliyeumwa hupoteza siku nzima akipanda bodaboda kutoka kituo kimoja hadi kingine. Swali hilo uliulize ukiwa mzima.

## Hatua ya 1: Mjue aliye mbele yako

Nyegere ndiye wa kuheshimiwa kuliko wote. Ana mwili mpana na mfupi, mweusi tumboni na miguuni, wenye mgongo wa kijivu kinachokaribia weupe, na makucha ya mbele marefu ya kuchimbia. Dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 12. Ngozi yake ni nene na imelegea, kiasi kwamba hata akikamatwa shingoni anaweza kujigeuza ndani ya ngozi hiyo hiyo na kumuuma aliyemkamata. Ndiyo sababu mbwa wengi hodari hurudi nyumbani wakichechemea. Akikasirika hutoa harufu kali kutoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia, na harufu hiyo ni onyo. Vijiweni husimuliwa kwamba nyegere hulenga sehemu za siri za wanaume. Kwa maandalizi yako simulizi hilo halibadilishi kitu, kwa sababu kimo chake kinamfikisha miguuni, na miguu ndiyo ya kukinga.

Bweha anayeonekana zaidi katika nchi yetu ni bweha miraba, mwenye umbo la mbwa mwembamba na mara nyingi ncha nyeupe mkiani. Bweha mzima wa afya humkimbia binadamu. Kwa hiyo bweha asiyekimbia ndiye wa kuogopwa.

Nguchiro miraba hutembea mchana, kwa makundi, na kila mmoja wao ni mdogo tu, wa kilo moja na nusu hadi mbili. Wakitishwa hujikusanya pamoja na kusogea mbele kama mnyama mmoja mkubwa. Watalii wa rasi ya Mweya, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, wamezoea kuwaona wakipekua taka karibu na nyumba, na hapo ndipo vishawishi vya kuwalisha kwa mkono huanza. Nguchiro aliyezoea kulishwa haoni tofauti kubwa kati ya kidole na kipande cha chapati.

Fungo, mwenye madoa na nywele za mgongoni zinazosimama akitishwa, ni mnyama wa usiku. Waganda wa ukoo wa Ffumbe wanamjua vizuri kwa kuwa ndiye mwiko wao. Kanu, mondo na paka-mwitu hupigana pale tu wanapobanwa, hasa ndani ya banda la kuku au kwenye mtego.

Zaidi ya aina ya mnyama, angalia hali yake. Mnyama anayeyumba, anayetokwa na mate mengi, ambaye taya lake limelegea, anayeuma vijiti na mawe, au anayekuja moja kwa moja kwa watu bila woga wowote, mhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa. Kuonekana mchana peke yake si ushahidi: nguchiro miraba ni wa mchana, nyegere hutembea saa yoyote, na hata fungo anaweza kuwa amefurushwa na wakata miti.

Umefaulu hatua hii ikiwa, kabla hujafanya lolote, unaweza kujibu maswali mawili: huyu ni nani, na ana njia ya kuondokea?

## Hatua ya 2: Ingia msituni kwa namna isiyomshtua mnyama

Tembea ukizungumza, au ugonge fimbo kwenye mashina kila baada ya hatua chache. Mashambulizi mengi huanza kwa mshtuko, mtu anapokaribia kumkanyaga mnyama aliyelala, na mnyama anayesikia watu wakija huondoka mwenyewe bila hata kuonekana.

Usiingize mkono kwenye shimo, kwenye mvungu wa gogo, wala ndani ya kichuguu kilichotobolewa. Nguchiro hulala vichuguuni, na nyegere na bweha hutumia mashimo kuficha watoto. Kuni zilizolala chini ziguse kwanza kwa fimbo, zigeuze, subiri kidogo, ndipo uinue.

Chakula kifungwe ndani ya chombo chenye mfuniko, na mabaki yarudi nyumbani. Kambi ya wachoma mkaa inayotupa mifupa na maganda jirani na mahali pa kulala inajiitia fungo na bweha usiku, na baada ya wiki chache wanyama hao huacha kuogopa.

Warina asali wana la ziada. Nyegere hupanda miti, kwa hiyo mzinga uliopachikwa kwenye panda ya mti si salama. Uning'inize kwa waya kutoka kwenye tawi au kati ya nguzo mbili, ukae angalau mita moja na nusu kutoka ardhini na mbali na shina, kisha uzungushie shina au nguzo bati laini ambalo makucha hayashiki. Masega yaliyoharibika usiyatupe chini ya mizinga. Anayekwenda kurina usiku aangaze tochi chini ya kila mzinga kabla ya kuusogelea, kwa sababu nyegere aliyekwisha kuonja asali hataki kuondoka, na moshi wako hautamtisha kama unavyotuliza nyuki.

## Hatua ya 3: Ukimwona, simama, kisha umpe njia

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo soma kwa makini.

Simama. Usikimbie, kwa sababu kukimbia humwamsha mnyama kukufuata, na kwenye mizizi na matope ya msituni utaanguka, na ukianguka uso wako utakuwa kwenye kimo cha meno. Watoto wadogo wainuliwe au wawekwe nyuma ya mtu mzima mara moja. Mtoto akiumwa, huumwa usoni na mikononi, na jeraha la huko ni la hatari zaidi kwa kuwa liko karibu na ubongo au lina mishipa mingi ya fahamu.

Kisha itazame njia yake, si yeye tu. Nyuma yake kuna nini? Kuna shimo, kichaka, ukuta wa banda, mto, wenzako? Ukimwona amebanwa kati yako na kitu kingine, wewe ndiye unayepaswa kusogea, na usogee kando, si nyuma moja kwa moja wala mbele. Ukienda kando unamfungulia mlango. Ukirudi nyuma kwenye njia nyembamba ambayo naye anataka kuipita, atakufuata bila kukusudia, nawe utaamini kwamba anakushambulia.

Wenzako wasimzunguke. Vijana wenye mbwa hupenda kutengeneza duara, na mnyama aliye ndani ya duara hutoka kwa kumpitia mtu mmoja wao.

Ukimkuta mnyama amenaswa kwenye mtego wa waya, usimkaribie hata kwa huruma. Waya unaoonekana kumshika unaweza kukatika kwa kishindo kimoja, na mnyama aliyefungwa huuma chochote kinachomfikia. Weka alama mahali hapo na uwaite askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Ikiwa ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, mwambie mlinzi wa msitu.

Umefaulu ikiwa mnyama ameondoka kwa njia aliyoichagua mwenyewe, na hakuna aliyerusha jiwe. Subiri kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu mama mwenye mtoto anaweza kurudi kumchukua.

## Hatua ya 4: Akikujia

Mara nyingi mnyama hukimbia kuelekea kwako, husimama ghafla, hutoa mlio, kisha hugeuka. Usimgeuzie mgongo.

Shika fimbo kwa mikono miwili, ncha yake ikiwa chini mbele ya miguu yako, na umfuatishe nayo anavyosogea. Usiiinue juu ya kichwa kana kwamba unapasua kuni; ukikosa, miguu yako itabaki wazi hadi uishushe tena. Jifanye mkubwa, piga kelele nzito za mfululizo, na uendelee kusogea kando taratibu.

Akipita fimbo, msukumie kikapu au begi mdomoni. Akilishika, liachie na uondoke. Kuni na uyoga vitapatikana tena.

Kundi la nguchiro linalosogea mbele huogopesha kuliko linavyodhuru. Ondoka kando na chakula chako, nao watatawanyika.

Usipande mti kumkwepa nyegere.

## Hatua ya 5: Akiuma

Kuvuta mguu au mkono kwa nguvu ndilo kosa linalogeuza matundu manne madogo kuwa nyama iliyochanika. Kaza kiungo mahali kilipo, kisha umshughulikie mnyama: msukume kwa fimbo au buti, au mfunike kichwa kwa gunia au shati. Akiachia, ondokeni nyote mahali hapo kwanza. Matibabu hayafanyiki mnyama akiwa bado anazunguka.

Ikiwa damu inaruka kwa mapigo, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia na mkimbilie hospitali. Kuosha kutafuata damu ikitulia. Majeraha ya namna hiyo ni machache. Yaliyo mengi huvuja damu kidogo tu, na udogo wake ndio unaowadanganya watu.

## Hatua ya 6: Osha jeraha kwa dakika 15

Nyegere au bweha hatakuua kwa meno yake. Kinachoweza kukuua ni kirusi cha kichaa cha mbwa kilicho katika mate yake, nacho huingia hata kwa tundu dogo kama la sindano. Kirusi hicho hukaa kwanza kwenye nyama ya jeraha, kisha hushika mishipa ya fahamu na kupanda taratibu hadi kwenye ubongo. Kina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Kwa sababu hiyo maji matupu hayatoshi, na majivu, pilipili, mafuta ya taa au majani yaliyotafunwa hayasaidii kitu. Tena huchoma nyama na kuziba matundu, mate yakabaki ndani.

Fanya hivi. Badilisha mfuniko wa jerikeni, uweke ule uliotobolewa, kisha uinamishe ili mchirizi mwembamba uanguke juu ya jeraha. Lita 5 zikigawanywa kwa dakika 15 ni theluthi moja ya lita kwa kila dakika, yaani mchirizi usiozidi unene wa utambi wa taa. Ukimimina kwa mdomo wazi wa jerikeni, maji yote yatakwisha kabla hujamaliza kupaka sabuni.

Paka sabuni, fanya povu, na uliingize povu ndani ya kila tundu kwa kulifungua kidogo kwa vidole safi. Suuza, kisha upake tena. Anayekusaidia awe na mfuko wa nailoni mkononi ikiwa ana michubuko. Tumia saa ya simu, kwa sababu dakika 15 za maumivu huonekana kama saa nzima, na karibu kila mtu asiyetazama saa huacha mapema. Maji ya kijito kinachotiririka yanafaa yakikosekana mengine. Kusubiri maji safi ya nyumbani hakufai.

Mwisho paka ayodini na ufunike kwa kitambaa bila kukaza. Usinyonye jeraha, usilichanje, usilifunge kwa mpira wa baiskeli, na usikubali lishonwe haraka na mtu yeyote. Kushona huusukuma uchafu ndani, na hata kukihitajika hufanywa na mganga wa kituoni kwa utaratibu wake.

Umefaulu ikiwa jeraha limefunguka, limesafika, halina kitu chochote cha kienyeji ndani yake, na saa imethibitisha muda.

## Hatua ya 7: Nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo

Sheria ya kumchunga mnyama kwa siku 10 ili kuona kama atakufa inahusu mbwa na paka wa nyumbani tu. Kwa mnyama wa porini hakuna kusubiri.

Kituoni eleza mambo matatu: ni mnyama gani, alikuwa na hali gani, na ngozi imefanywa nini. Mate yaliyogusa ngozi nzima isiyo na mchubuko hayahitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Meno yaliyotoboa ngozi, au mate yaliyoingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, huhitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, ambayo ni kinga iliyo tayari na huchomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Imunoglobulini hutolewa pamoja na sindano ya kwanza, na haitolewi tena zikishapita siku 7 tangu sindano hiyo, kwa hiyo iulizie mapema. Muulize mganga pia kuhusu pepopunda na dawa za kuzuia usaha.

Wapo wanaokwepa kwa kuogopa sindano nyingi za tumboni. Huo ni utaratibu wa zamani. Siku hizi chanjo huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, na haichomwi makalioni. Ratiba ya kawaida huanza siku ya kwanza, ambayo huandikwa 0, kisha siku ya 3, ya 7, na nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Vituo vinavyochanja kwenye ngozi ya juu vinaweza kumaliza siku ya 7. Fuata kadi uliyopewa. Mjamzito na anayenyonyesha wanachanjwa kama wengine, na aliyewahi kumaliza chanjo huko nyuma aseme, kwa sababu atahitaji sindano chache zaidi.

Kadi iweke pamoja na vitambulisho vyako. Wanaoacha baada ya sindano ya kwanza kwa kuwa jeraha limekauka wanachanganya mambo mawili: dalili za kichaa cha mbwa huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, na zinaweza kuanza baada ya wiki moja au kuchelewa hadi mwaka, huku kovu likiwa limeshasahaulika. Zikianza, hakuna tiba ya kutegemewa. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyeumwa wiki tatu zilizopita na hajafanya lolote aende leo.

## Hatua ya 8: Toa taarifa, na umwangalie mbwa wako

Mwambie mwenyekiti wa LC1 na afisa mifugo wa eneo lenu, na ikiwa ni karibu na hifadhi, UWA. Usimfuate mnyama ili kumuua kwa kulipiza kisasi: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haina mzaha kwa wanaoua wanyama wa porini bila kibali, na kumfuata ni kujitafutia jeraha la pili. Mkimkuta amekufa, asichunwe, asiliwe, asiguswe kwa mikono mitupu, na kichwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara. Mfunikeni kwa matawi yenye miiba ili mbwa wasimfikie, na mmwite afisa mifugo.

Mbwa aliyepigana na bweha au nyegere huleta mate hayo nyumbani, kwenye manyoya na mdomoni. Usimpapase. Vaa glavu au mifuko ya nailoni, muoshe kwa sabuni, mfunge peke yake mahali ambapo watoto hawafiki, na umwite afisa mifugo hata kama alichanjwa, kwa kuwa atahitaji sindano ya kuongeza nguvu na kuangaliwa kwa muda atakaopangiwa na afisa huyo. Mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa kabisa ni uamuzi mgumu zaidi, na uamuzi huo aufanye mtaalamu, si jirani mwenye rungu. Watoto wa mbwa huchanjwa wakifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Uliza ni lini wilaya yenu itafanya zoezi la chanjo, na umfikishe pale akiwa amefungwa kamba.